Tovuti iliyojaa kazi nzuri na sanduku la barua lililo tupu: kisa cha potifolio moja

Kisa hiki ni cha dizaina wa grafiki aliyefanya kazi miaka kadhaa ndani ya wakala wa matangazo, kisha akaamua kujitegemea. Nembo, majalada ya ripoti, mabango, alama za kuelekeza watu ndani ya majengo, vyote vimepita mikononi mwake na hakuna anayetilia shaka uwezo wake. Alijijengea tovuti ya kuonyesha kazi, akaweka anwani yake kila mahali alipo mtandaoni, akasubiri. Takwimu zilionyesha watu wanaitembelea kila wiki. Barua hazikuja, ukiacha zile za wanaoahidi kukupandisha hadi ukurasa wa kwanza wa Google.

Aliponiomba niiangalie, alikuja na tiba mkononi: muundo umechakaa, tuufute tuanze upya. Dizaina yeyote angependekeza hivyo, kwa kuwa ndiyo kazi anayoijua. Mimi sikuona ubaya wa muundo. Rangi zilikuwa chache, nafasi ya kutosha, mpangilio umetulia. Kwa hiyo kabla ya kugusa chochote nilifanya kile ambacho mteja angefanya: nilijaza fomu ya mawasiliano.

Fomu ilisema asante

"Asante, ujumbe wako umepokelewa," ukurasa ukajibu. Haukupokelewa. Haukuwa kwenye sanduku kuu, na tulipofungua folda ya barua taka tukaukuta umelala pamoja na wenzake. Mmoja ulikuwa wa mhariri wa shirika la uchapishaji aliyeuliza kama dizaina ana nafasi ya kuchora majalada ya mfululizo wa vitabu. Ulikuwa na umri wa wiki tatu. Ya zamani zaidi hatungeweza kuiona, maana sanduku lake ni la Gmail, na Gmail hufuta barua taka zikifikisha siku 30.

Chanzo chake kinafaa kuelezwa, kwa sababu fomu nyingi za mtandaoni zina ugonjwa huu. Fomu yake ilipangwa itume barua kwa jina la mgeni, yaani kwenye mstari wa mtumaji iliweka anwani aliyoiandika mgeni mwenyewe. Mantiki yake inaeleweka: ukibonyeza kujibu, jibu linamwendea mgeni. Lakini barua haikutoka kwake, ilitoka kwenye seva inayohifadhi tovuti. Domeini, yaani majina ya anwani za mtandaoni, zinazotunzwa vizuri huwa na rekodi ya SPF inayotaja seva zenye ruhusa ya kutuma barua kwa majina yake, na saini ya DKIM inayoonyesha barua haikuchezewa njiani. Kanuni ya DMARC ndiyo inayosema barua iliyoanguka vipimo hivyo ifanywe nini. Mgeni mwenye anwani ya Gmail akijaza fomu, barua inafika ikidai imetoka Gmail, ilhali seva iliyoituma haina undugu wowote na Gmail. Kwa mpokeaji huo ni udanganyifu, basi barua inatupwa kwenye taka au inakataliwa mlangoni. Isitoshe, tangu Februari 2024 Gmail inamtaka kila mtumaji, hata wa barua moja, awe na SPF au DKIM. Domeini ya dizaina huyu haikuwa na hata kimoja.

Marekebisho yenyewe hayakuwa makubwa. Mtumaji sasa ni anwani ya domeini yake, anwani ya mgeni inawekwa kwenye sehemu ya kujibu, na rekodi za SPF na DKIM zikaongezwa. Halafu anwani yake ikaandikwa waziwazi chini ya kila ukurasa. Ningekuwa na uamuzi wangu fomu ningeiondoa kabisa, kwani mtu anayetaka kukupa kazi anajua kutuma baruapepe. Yeye alitaka ibaki, ikabaki.

Kisa kingeweza kuishia hapo, kila mtu akaenda nyumbani na lawama akaitwika fomu. Tatizo ni kwamba barua zilizonaswa zilikuwa chache mno ukilinganisha na wageni. Wengi waliondoka kabla hata hawajafika kwenye fomu.

Anayefungua ukurasa huu ana haraka

Fikiria anayetafuta dizaina. Ni mhariri, ni meneja wa mradi, ni mkurugenzi wa sanaa anayehitaji mkono wa ziada. Ametumiwa viungo kadhaa na anavifungua kwenye simu katikati ya shughuli nyingine. Swali lake ni kama huyu amewahi kufanya kitu kinachofanana na changu, na kama atanisumbua. Uzuri anauchukulia kuwa umo tayari, la sivyo asingekuwa kwenye orodha.

Sasa mtu huyo anakutana na nini? Kwanza uhuishaji: nembo ya dizaina inajichora yenyewe polepole, mstari kwa mstari. Kisha jina, na chini yake sentensi hii: "Ninaunda simulizi zinazoishi." Kisha miraba ya picha, safu kwa safu, bila neno hata moja. Maelezo yalikuwepo, ila yalijitokeza pale tu unapopitisha kipanya juu ya picha. Simu haina kipanya. Yeye hakuwahi kuliona hilo kwa sababu tovuti aliijengea kwenye kompyuta na akaikagua kwenye kompyuta ileile. Kwa mgeni wa simu ile ilikuwa karatasi ya miraba isiyo na majina.

Ile sentensi ilituchukua muda kuliko ilivyostahili. Tulichoweka ni: "Dizaina wa grafiki. Ninachora nembo, majalada, na alama za kuelekeza watu ndani ya majengo." Alisema ni kavu, haina roho. Ni kavu kweli. Lakini mhariri wa majalada akiisoma anajua hajapotea, na anayetafuta mtu wa alama za jengo anajua hivyohivyo, wakati simulizi zinazoishi anaweza kuziunda mtu yeyote, hata mpiga ngoma.

Majina ya kazi yakawekwa chini ya picha, yanaonekana muda wote. Uhuishaji aliugomea kuutoa. Tukaufupisha, tukauweka usimzuie mtu kusogeza ukurasa, na usichezwe kabisa kwa aliyeweka kwenye simu yake kwamba hataki mambo yanayosogeasogea.

Kijani kilichowaka na kijani kilichofifia

Uzito wa picha nitaupitia kwa haraka kwa kuwa habari yake ni ya kawaida: mafaili yaliyotayarishwa kwa ajili ya uchapaji yalipandishwa kama yalivyo, mapana maelfu ya pikseli, mengine ni picha za kamera zilizohifadhiwa katika aina ya faili iitwayo PNG. PNG inafaa michoro yenye rangi bapa na kingo kali. Picha ya kamera inafaa kuwa JPEG, au WebP iliyoletwa na Google mwaka 2010, au AVIF ya mwaka 2019 inayobana zaidi. Nembo ni mistari, basi ikae kwenye SVG, aina ya faili inayohifadhi mistari badala ya pikseli, itabaki kali kwenye kioo cha ukubwa wowote. Google inashauri kipande kikubwa cha kwanza cha ukurasa kiwe kimeonekana ndani ya sekunde 2.5. Cha kwake kilikuwa mbali sana na hapo. Tukatoa kila picha kwa vipimo kadhaa ili simu ichukue ndogo na kompyuta ichukue kubwa, na picha za chini zikapangwa zisubiri hadi mtu azikaribie. Ile ya juu kabisa usiisubirishe. Watu wengi huweka agizo la kusubiri kwenye picha zote, kisha wanashangaa ukurasa umezidi kuwa mzito machoni.

Rangi ndizo zilizonikalisha. Alikuwa na jalada la ripoti ambalo kwenye karatasi ni kijani kizito, kile cha majani yaliyokomaa. Kwenye tovuti lilikuwa linawaka kama taa ya tahadhari. Palepale pembeni, bango lake la kijani kibichi na nyekundu lilionekana limefifia, utadhani limeanikwa juani msimu mzima. Kompyuta ni moja, kivinjari ni kimoja, na makosa mawili yanakwenda pande tofauti.

Chanzo kilikuwa kimoja. Faili la picha ni namba tu, na namba hizo hazina maana mpaka pawepo profaili inayosema zisomwe vipi. Jalada lilihifadhiwa katika CMYK, hesabu ya wino nne za uchapaji, bila profaili yoyote ndani. Kivinjari kikalazimika kugeuza wino kuwa mwanga kwa hesabu ya kukisia, na hesabu hiyo haijui kuwa wino ukikutana na karatasi huzima mng'ao. Bango nalo lilifanyiwa kazi katika Adobe RGB, ambayo ina eneo pana la rangi kuliko sRGB, kiwango cha mwaka 1996 ambacho mtandao unakichukulia kuwa cha kawaida. Profaili yake ilikuwepo mwanzoni, ila programu ya kubana picha iliiondoa ili kupunguza baiti chache. Kivinjari kilipokuta namba bila profaili kikazisoma kama sRGB, na namba za eneo pana zikisomwa kwa kipimo chembamba rangi hupauka.

Dawa ni kugeuza picha kwenda sRGB ndani ya programu ya picha kabla ya kuihifadhi, na kuacha profaili humo. Kugeuza, si kubandika. Kubandika profaili kunabadilisha jina la kipimo na kuziacha namba zilivyo, na hapo rangi zinaharibika rasmi. Lipo jambo moja ambalo hata kugeuza hakuliponyi: baadhi ya rangi za wino, hasa buluu-kijani iliyokolea, hazipo kabisa ndani ya sRGB. Kwa jalada lile alipiga picha nakala iliyochapwa, kwenye mwanga wa dirishani, akasawazisha weupe wa karatasi. Picha hiyo ina ukweli zaidi kuliko faili lenyewe.

Picha za namna hiyo zilitusaidia pia kuondoa mokapu, yaani picha za kuigiza zinazobandikwa kazi juu yake kana kwamba imeshachapwa. Kadi mbili za biashara juu ya saruji, kivuli cha jani la mti kikikatiza pembeni: anayeajiri madizaina ameiona picha hiyo mara nyingi kiasi kwamba hatazami tena kilichoandikwa kwenye kadi. Kitu kilichochapwa kweli, hata kikiwa na mkunjo, kinasema kwamba kazi ilifika hadi mwisho.

Kipi kibaki

Kazi zilikuwa zaidi ya 40. Kila moja ina sababu ya kupendwa na mwenyewe, na ndiyo maana mwenyewe hafai kuchagua peke yake. Nilimpa swali moja la kuchujia: ukipigiwa simu kesho uifanye tena kazi ya namna hii, utafurahi? Kadi za mialiko, ambazo alizifanya nyingi, zikaondoka zote. Vipeperushi vya matamasha navyo vikaondoka. Zikabaki nane, na kati ya hizo tatu zilikuwa za enzi za ajira.

Hapo ndipo madizaina wengi hujidanganya. Kuchora kitu kwa mkono wako hakukufanyi mwenye haki zake. Katika nchi nyingi hakimiliki ya kazi iliyofanywa na mwajiriwa akiwa kazini ni ya mwajiri, na ya mtu wa mkataba inategemea mkataba ulisemaje. Aliandika barua fupi kwa wakala wake wa zamani akiomba ruhusa ya kuonyesha kazi hizo tatu. Mbili alikubaliwa, kwa sharti la kutaja timu. Kwa hiyo chini ya kila moja sasa kuna mstari unaosema yeye alifanya nini na wengine walifanya nini: mfumo wa alama ni wake, picha si zake, wazo la kampeni lilikuwa la mkurugenzi wa sanaa. Aliogopa kwamba mstari huo utampunguzia sifa. Mwajiri mzoefu anajua kampeni kubwa haifanywi na mtu mmoja, na anayedai yote ni yake ndiye anayetiliwa shaka.

Ya tatu ilikuwa chini ya makubaliano ya kutunza siri. Akapendekeza iwekwe kwenye ukurasa wenye nenosiri, kama wengi wafanyavyo. Lakini nenosiri halifuti makubaliano. Bila ruhusa ya mteja, kumwonyesha mtu mmoja ni kuvunja ahadi kama ilivyo kuwaonyesha elfu. Ikatoka.

Mshale wa karatasi

Kazi iliyobadilika zaidi ni alama za kuelekeza watu ndani ya hospitali. Zamani ilikuwa picha moja ya ukuta msafi na jina la kazi. Nilimuuliza ilikuwaje, akaongea bila kupumua, na hakuna hata neno moja la hayo lililokuwa kwenye tovuti. Sehemu ya maandishi yaliyopo sasa ni hii:

"Mabango ya awali yaliweka mshale baada ya maneno, upande wa kulia, hata pale ulipoelekeza kushoto. Watu wenye haraka waliona mshale upande wa kulia wakakata kulia. Nilihamisha kila mshale upande unaouelekeza. Toleo langu la kwanza lilitumia picha ndogo kwa kila idara. Tulipolijaribu kwa karatasi, wagonjwa wengi hawakuitambua picha ya maabara. Nikaziacha picha, nikatumia namba kubwa: mapokezi wanakwambia nenda namba 3, nawe unafuata 3."

Ndani ya simu yake kulikuwa na picha za jaribio hilo: karatasi zimebandikwa ukutani kwa gundi ya utepe, mishale imechorwa kwa kalamu nene, kona moja imejikunja. Alizionea aibu. Nilimwomba aweke moja, kubwa, juu kabisa ya picha ya ukuta uliokamilika. Tulibishana, akaiweka. Picha ya ukuta msafi inathibitisha kwamba ana jicho. Ile ya karatasi inamwonyesha akiona wazo lake linashindwa na kulitupa, na hilo ndilo mteja anayemlipa mtu kwa mara ya kwanza anataka kulijua.

Si kila kazi ilihitaji maelezo marefu hivyo. Nembo mbili zina sentensi mbili kila moja. Majalada yamepangwa pamoja bila hadithi, maana jalada ukiliona umeliona.

Yaliyobaki

Mtambo wa kujengea tovuti hatukuubadilisha. Alikuwa kwenye huduma ya kujijengea bila kuandika msimbo na inamtosha. Mabishano kuhusu WordPress, Squarespace au Webflow yanakula muda ambao ungetumika kuandika maelezo ya kazi moja. Ukurasa wake wa Behance, mtandao ambao Adobe iliununua mwaka 2012, tuliuacha pia, ila kila kazi huko inaelekeza kwenye tovuti yake.

Domeini ilikuwa na kasoro iliyonitisha kuliko zote: ilisajiliwa kwa jina la rafiki aliyemsaidia kujenga tovuti ya kwanza. Kwa msajili, aliyeandikwa kuwa mwenye domeini ndiye mwenye maamuzi juu yake. Rafiki alikuwa mtu mwema, akahamisha jina bila maneno. Si kila rafiki anapatikana miaka ikipita.

Fonti ya vichwa vya habari ilikuwa na leseni ya kompyuta tu, na leseni ya kuitumia kwenye tovuti huuzwa kando. Tukaweka iliyo chini ya leseni huria ya fonti iitwayo SIL. Maandishi ya kijivu hafifu juu ya weupe yakakolezwa hadi tofauti ya mwanga kati ya maandishi na weupe ikafikia uwiano wa 4.5 kwa 1 unaotakiwa na WCAG, mwongozo wa kufanya tovuti zitumike na watu wote wakiwemo wenye ulemavu. Kila picha ikapewa maandishi mbadala kwa ajili ya wanaotumia programu za kusoma skrini. Na ikawekwa picha ya pikseli 1200 kwa 630 ya kuonekana pale kiungo kinapotumwa kwenye WhatsApp. Awali kilifika kikiwa uchi, na kwa dizaina hilo ni doa, hasa ukizingatia kwamba watu hupendekezana huko.

Barua zilianza kufika, si kwa mafuriko. Mhariri wa majalada alikuwa ameshampata mwingine, ingawa alijibu kwa upole na kuomba bei kwa ajili ya baadaye. Wanaoandika sasa hutaja kazi waliyoiona, na mara nyingi ni ile ya hospitali. Kadi za mialiko bado tunazigombania: anasema ziliwahi kumwingizia pesa ya haraka pale miradi mikubwa ilipochelewa kulipa, na hoja hiyo siwezi kuipinga. Zimepata ukurasa wao usiounganishwa na ukurasa wa mbele, anautuma kwa anayeuliza.

Mradi wake wa sasa haujazinduliwa, kwa hiyo haumo kwenye tovuti. Picha za majaribio anazihifadhi kuanzia siku ya kwanza, na safari hii mkataba una kifungu kinachomruhusu kuonyesha kazi baada ya uzinduzi, rasimu zikiwemo.